Mnana na Ngamia

Mpondwe, upande wa Uganda wa mto Lhubiriha, malori yakingoja kuvuka kwenda Kasindi nchini Kongo, mnana dume yuko kazini. Kichwa cheusi, jicho jekundu, mwili wa manjano. Uzito wake wote ni kama gramu 40. Anatua kwenye jani la tete, analing'ata ukingoni mpaka lipasuke kidogo, kisha anaruka nalo. Ukanda mrefu unachanika na kubaki mdomoni. Ni lazima uwe mbichi, maana mkavu ukikunjwa huvunjika.

Ukanda wa kwanza anaukanyagia kitawini, anauzungusha, anaupenyeza chini yake wenyewe na kuuvuta hadi fundo likaze. Zinafuata nyingine nyingi, mpaka pete inaning'inia. Hapo ndipo penye ufundi. Anasimama ndani ya pete akielekea upande uleule kila anaporudi, na mwili wake ndio kipimo: mdomo unapoishia kufika, ukuta unaishia hapo. Mbele anasuka chumba cha mayai, nyuma yake ukumbi mdogo, na mlango unatazama chini. Ukanda unaingizwa, unaachiwa, unadakwa upande wa pili, unavutwa. Ukichomoka, anaurudia.

Mlinganishe na mnyama mkubwa: kule jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ngamia mmoja wa kilo 500 ni sawa na ndege kama huyu zaidi ya 10,000. Ninamheshimu sana ngamia. Akikosa maji, huliacha joto la mwili lipande mchana hadi nyuzi 40 bila kupoteza jasho, akapoa usiku. Akifika kisimani aweza kunywa lita 100 kwa mkupuo mmoja. Lakini hayo amezaliwa nayo. Mnana huzaliwa na hamu ya kusuka tu, ustadi huutafuta. Viota vya dume mchanga huwa vilegevu, kanda zimechomoza kila upande, na hujaribu tena na tena kabla hajawafikia wakubwa.

Kiota kikikamilika, dume huning'inia mlangoni akipiga mabawa na kuita. Jike huingia, akakagua, akavutavuta kanda. Akikubali, hutandika ndani nyasi laini na manyoya. Akikataa, na kijani kikageuka kahawia, dume hukifumua chote na kuanza upya.

Wakulima wa Bwera, jirani na Mpondwe, wana haki ya kumlalamikia mnana, kwani hula nafaka na kuchana majani ya mahindi. Nawaomba jambo moja: mti wenye viota ukibidi kukatwa, ngojeni kwanza makinda yaruke.