Uhakiki: Carl Seyfert na Ushuhuda wa Mistari Angavu

Makala ya Carl Seyfert juu ya galaksi sita zenye vitovu ving'aavyo, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1943, yamfaa mwalimu wa lugha kama yamfaavyo mwalimu wa fizikia, kwa kuwa yanatenga yaliyoonekana na yanayodhaniwa.

Mwandishi aliuchanua mwanga wa vitovu hivyo, akapima upana wa mistari angavu itolewayo na gesi. Gesi inayotujia huusogeza mstari upande wa buluu, na inayotukimbia huusogeza upande wa nyekundu. Zote zikichanganyika, mstari hutanuka. Kwa hiyo upana ni kipimo cha mwendo. Katika NGC 3516 na NGC 7469 mistari ya haidrojeni ilifikia upana wa kilomita 8,500 kwa sekunde.

Sifa ya makala haya ni kiasi. Hayataji shimo jeusi, nalo neno hilo halikuwapo bado. Mwalimu atakayesimulia kwamba Seyfert aliligundua atakuwa amemwonea mwandishi, na kumpotosha mwanafunzi.

Upungufu wake nao ni dhahiri: mwendo pekee hautoi uzito wa kitovu. Gesi ya mbio zile zile yaweza kushikwa na kitu chepesi ikiwa karibu, au na kitu kizito ikiwa mbali. Umbali ulipatikana baadaye, kwa subira: kitovu kikizidi kung'aa, mistari mipana huitikia baada ya siku au majuma kadhaa, na muda huo ndio safari ya mwanga kuifikia gesi. Kwa njia hiyo vitovu vingi vimekadiriwa kuwa na uzito wa jua mamilioni kadhaa, hata zaidi, katika nafasi finyu mno. Hapo ndipo hoja ya shimo jeusi inapopata nguvu.

Aidha, kutoonekana si kutokuwapo. Mwaka 1985 Antonucci na Miller walichunguza NGC 1068, mojawapo ya zile sita, wakaona mistari mipana sana katika mwanga uliorudishwa na gesi ya kando. Mwanga wake wa moja kwa moja ulikuwa umezibwa na vumbi.

Twawasihi walimu wenzetu wayasomeshe makala haya kwa utaratibu huo: kwanza mstari, kisha mwendo, kisha umbali, na uzito mwisho. Mwanafunzi anayerukia uzito hujibu mtihani vizuri, lakini hawezi kumjibu mwenziwe amwulizaye, "Umejuaje?"