Sifa ya Wahesabu Samaki

Mto Wandle, uchimbukao katika chemchemi za miamba ya chokaa huko Carshalton na Waddon, kusini mwa London, ukaingia Thames penye Wandsworth, una urefu wa kilomita 14 hivi tu. Nao ulizungusha vinu kwa karne nyingi, ukanyweshwa taka za viwanda na za mji, hata ikafika miaka ya 1960 haukuwa na hadhi zaidi ya mfereji wa uchafu. Leo trauti wanazaa tena humo. Wenye haki ya kulisema neno hilo kwa yakini ni wahesabu samaki, watu wa fani ninayotaka kuisifu.

Huziba kipande cha mto, aghalabu mita 100, kwa wavu juu na wavu chini, asiingie samaki wala asitoke; kisha huupanda mkondo taratibu, wamevaa suruali za mpira zifikazo kifuani, mmoja wao ameshika mpini wenye pete ya madini ipitishayo umeme, na samaki, kwa nguvu ya umeme huo, huvutwa, akalegea, akachotwa na kutiwa katika pipa la maji. Hupimwa tangu pua hata panda ya mkia; magamba machache huchukuliwa ili miviringo yake, mipana ya kiangazi na myembamba ya kipupwe, isomwe kwa hadubini na kuutaja umri wake.

Lakini uzuri wa kazi hii kwangu umo katika kumhesabu asiyekamatwa. Hupita mara tatu, walionaswa wakingali pipani. Tuseme kwanza wamepata 60, kisha 30, kisha 15: kila mara imetoka nusu ya waliokuwamo, basi waliosalia mafichoni ni kama 15, na jumla yao wote 120.

Hesabu hiyo ina sharti, kwamba kila samaki awe rahisi kunaswa sawa na mwenziwe, na mto haulitii. Yuko kisamaki wa kichwa kipana, akaaye chini ya mawe, ambaye hakuumbwa na kibofu cha hewa. Alegeapo haelei, hubaki palepale kati ya kokoto. Tena, zaidi ya samaki wenyewe, mpimaji huandika pia kina, kasi ya maji, kivuli cha miti, na tope lililoziba changarawe ambamo trauti hufukia mayai yake. Na nimepata kumwona mpimaji mmoja, baada ya mara ya tatu, nyavu zikisubiri kuondolewa, akiinama hata maji yakamfika mabegani, akageuza jiwe moja zaidi.