Mkono wa Omobari

Kwa vizazi vingi watu wa Kisii na Nyamira wamemjua omobari, fundi wa kufungua fuvu. Waliomwendea mara nyingi walikuwa wamepigwa au wameanguka, na maumivu ya kichwa yakakataa kuwaacha. Katika miaka ya 1950 kazi hiyo ilichunguzwa na Edward Margetts, daktari wa akili katika Hospitali ya Mathari, Nairobi.

Ninachokistahi zaidi ni kule kukwangua. Omobari hupasua ngozi ya kichwa, huisogeza kando, kisha huuparuza mfupa kwa chuma kilichopindwa ncha, tabaka baada ya tabaka, mpaka uonekane utando mgumu unaofunika ubongo. Hapo huacha. Atoboaye kwa nguvu aweza kupitiliza ghafla; akwanguaye huhisi mfupa ukipungua unene chini ya vidole vyake. Utando ukichanika, vijidudu vimepata njia. Kwangu mimi, kujua pa kukomea ndiko ufundi wenyewe.

Na mwili wa mgonjwa nao uko kazini. Ngozi ya kichwa huvuja damu nyingi, maana mishipa yake imeshikwa na nyama ngumu na hainywei vizuri ikikatwa. Shinikizo la damu likishuka, vihisio vilivyo katika kuta za ateri za shingo na katika tao la aota hupunguza ishara zinazokwenda kwenye shina la ubongo. Neva ya vagasi, ambayo huutuliza moyo, hulegea. Neva za simpatetiki huuharakisha na kuibana mishipa ya ngozi na ya matumbo, ili ubongo na moyo wenyewe visikose damu. Moyo huitikia ndani ya sekunde chache, wala mgonjwa haamui lolote. Bila mwitikio huo, naamini, mkono mwepesi kuliko yote usingetosha.

Fuvu lina mwitikio wake pia, na Harvey Cushing, mpasuaji wa Marekani, aliueleza mwanzoni mwa karne ya 20. Uvimbe au damu vikiukaba ubongo ndani ya fuvu, shina la ubongo huibana mishipa ya mwili ili shinikizo lipande na damu iendelee kupenya. Vihisio vya shingo vikilipokea shinikizo hilo, huupunguza mwendo wa moyo. Kwa hiyo majeruhi wa bodaboda aliyeumia kichwa, akasinzia, moyo wake ukaenda polepole huku shinikizo likipanda, asidhaniwe ametulia. Anahitaji mpasuaji saa hiyo hiyo.