Madigadi ya Pikapu: Futi Kamba Kabla ya Mpira

Mwenye pikapu akienda dukani kununua madigadi, maswali yake ya kwanza huwa mawili: mpira ni mgumu kiasi gani, na rangi yake inaendana na gari? Yote yana nafasi yake, lakini hayapaswi kutangulia. La kwanza ni hili: gari likiwa limebeba mzigo, ncha ya chini ya mpira itakuwa sentimita ngapi kutoka ardhini? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua aina ya mpira, unene wake na namna ya kuufunga.

Mfano wetu ni Toyota Hilux yenye matairi ya 265/65R17, inayopandisha vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu. Inashuka tupu na kupanda imejaa, kwenye vumbi na mawe wakati wa kiangazi na tope linaloganda wakati wa mvua.

Tuanze na jiwe lenyewe. Wengi huamini tairi hulitupa jiwe nyuma kama manati. Ukilitazama jiwe ukiwa umesimama kando ya barabara, mambo ni tofauti. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi huwa imetulia kwa nukta hiyo. Jiwe lililonasa kwenye kashata za tairi huinuka nalo, kisha huachia na kuruka juu, huku likisogea mbele kidogo upande ule ule gari linakoelekea. Gari la nyuma ndilo linalolifuata na kulipiga kwa kioo chake. Kwa hiyo kazi ya madigadi ya nyuma ni kuzuia jiwe lisipate urefu wa kufikia kioo hicho.

Urefu huo unahesabika. Tairi la ukubwa huu lina kipenyo cha karibu sentimita 78. Tuseme mpira umening'inia sentimita 8 nyuma ya tairi na gari linakwenda kilomita 60 kwa saa. Ncha ya mpira ikiwa sentimita 20 kutoka ardhini, jiwe linalopita chini yake linaweza kupaa mita 3 na zaidi, tusipohesabu upinzani wa hewa. Ukiishusha ncha hadi sentimita 15, jiwe halivuki mita 1.8. Kwenye sentimita 10 linaishia karibu sentimita 75, yaani usawa wa boneti ya gari dogo. Sentimita 10 za mpira zimeondoa zaidi ya mita 2 za hatari. Mwendo nao una sauti yake: ukipanda kutoka kilomita 60 hadi 80, urefu wa jiwe huongezeka karibu mara 1.8.

Mbona basi tusiushushe mpira hadi uguse ardhi? Kwa sababu pikapu haikai kwenye kimo kimoja. Hilux yetu ikijazwa magunia, nyuma hushuka kama sentimita 6. Zaidi ya hapo, springi za mabamba zikilala hurefuka, na kwa kuwa zimefungwa imara upande wa mbele, huisukuma ekseli nyuma kidogo. Tairi linapanda kwenye fenda na papo hapo linausogelea mpira. Fundi anayepima gari likiwa tupu hufunga madigadi yanayopendeza gereji, kisha safari ya kwanza yenye mzigo tairi linaanza kuyatafuna.

Kwa gari hili uamuzi ulikuwa sentimita 10 likiwa na mzigo, sawa na 16 likiwa tupu. Udhaifu wa uamuzi huo uko wazi: gari hukimbia zaidi likiwa tupu, wakati ambapo mpira uko juu. Lakini kuushusha zaidi ni kuukabidhi kwa rivasi. Gari lililojaa likirudi nyuma kwenye tuta, tairi huukanyaga mpira na kuung'oa pamoja na kipande cha fenda.

Hapo ndipo aina ya mpira inapojichagua. Madigadi ya plastiki ngumu yaliyofinyangwa kufuata umbo la fenda hukaa vizuri kwenye gari la mjini, lakini huwa mafupi, na yakikanyagwa hupasuka. Mpira wa mkanda wa konveya kutoka migodini una nyuzi ndani na haupasuki kirahisi, ila ni mzito: kipande cha sentimita 30 kwa 50 chenye unene wa milimita 10 kina karibu kilo 1.8, na kikikanyagwa kinachoachia ni bati. Mpira wa milimita 3 nao upepo huupeperusha, na zile sentimita 16 zinabaki kwenye karatasi. Tulichagua mpira laini wa milimita 5 usio na nyuzi, upana sentimita 32 ili ulizidi tairi pande zote mbili. Unakunjika ukikanyagwa, kisha unarudi.

Katika kufunga, bati ndilo la kulindwa. Tumia kwanza matundu ya skrubu yaliyopo kwenye plastiki ya ndani ya fenda. Ukilazimika kutoboa, sawazisha kingo za tundu, paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabla ya kupitisha bolti isiyoshika kutu. Nyuma ya mpira weka ukanda wa alumini ili uzito ugawanyike badala ya kuning'inia kwenye bolti tatu. Matundu ya mpira yawe wazi upande wa juu, ili ukivutwa kwa nguvu uchomoke wenyewe na kuiacha fenda salama. Acha upenyo kati ya mpira na bodi, kwa kuwa tope likikwama hapo hushika unyevu na kutu huanza mahali pasipoonekana. Upande wa ekzosi, mpira usikaribie bomba.

Madigadi ya mbele yana sheria yake moja: usukani ukatwe hadi mwisho, kushoto na kulia, kabla ya kukaza nati. Tairi la mbele likikatwa hugeuza kisigino chake nyuma, na nafasi iliyotosha likiwa limenyooka huisha.

Kisha jaza gari, rudi nyuma polepole kwenye tuta, na pima tena. Fundi anayekufungia madigadi bila kukuuliza unabeba nini hajaanza kazi, hata kama ameshika drili.