Sanamu Moja, Sala Mbili

Katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo zimehifadhiwa sanamu ndogo za kauri nyeupe ambazo zamani zilikuwa ushahidi wa kosa. Maofisa wa Nagasaki waliwanyang'anya sanamu hizo Wakatoliki waliokuwa wakisali kwa siri. Ukizitazama nyingi kati yake huoni msalaba wala alama yoyote ya kanisa. Unamwona mwanamke aliyejitanda ushungi, ameinamisha macho, pengine amempakata mtoto. Kwa Mbudha huyo ni Kannon, anayesikia vilio kwa huruma. Kwa mwenye kunyang'anywa alikuwa Bikira Maria.

Nyingi kati ya sanamu hizo hazikutengenezwa Japani. Zilitoka Dehua, mkoani Fujian, kusini mwa China, kwa wafinyanzi waliopata sifa kubwa tangu enzi ya Ming. Udongo wa huko una chuma kidogo mno, ndiyo maana ukichomwa hutoka mweupe, wenye umanjano wa mbali kama pembe ya ndovu.

Fundi huanza na kalibu. Hukandamiza udongo kwenye kalibu la mbele na la nyuma, huunga vipande hivyo kwa udongo mwepesi, na huacha uwazi ndani, maana sanamu iliyoshiba udongo hupasuka motoni. Kalibu likishamaliza kazi yake, mkono unaanza yake. Vidole hufinyangwa kando, vyembamba, kisha hubandikwa. Mikunjo ya vazi hupitiwa upya kwa kijiti hadi ianguke kama nguo iliyovaliwa. Halafu hupakwa maji ya madini yanayogeuka kioo. Yakiwa mazito, hujaza mikunjo na kuifuta kazi yote. Mwisho ni tanuri refu linalopanda mteremko, lenye moto wa zaidi ya digrii 1,200. Humo udongo husinyaa, na kidole kilichobandikwa ovyo hung'oka.

Kazi ngumu kuliko zote ni uso. Kope zimeshuka, midomo imefumbwa, hakuna tabasamu wala kilio. He Chaozong, fundi mashuhuri wa Dehua aliyekuwa akipiga mhuri wake mgongoni mwa sanamu, anasifiwa hasa kwa utulivu huo. Kuchora huzuni ni rahisi. Kazi ni kujua pa kuachia.

Mwaka 1614 watawala wa Japani walipiga marufuku Ukristo nchi nzima. Mapadre walifukuzwa au kuuawa, na washukiwa wakalazimishwa kukanyaga picha takatifu. Kumiliki sanamu ya Maria kulikuwa hatari, lakini Kannon wa kauri nyumbani hakumshtua jirani.

Mtu anaweza kuzitazama sanamu hizo akasema kumbe dini zote ni moja. Waliosali mbele yake wasingekubali. Mkatoliki anamwamini Mungu mmoja, Muumba, na Maria kwake ni kiumbe: haabudiwi, huombwa amwombee mwenye dhambi kwa Mwanawe. Mbudha haweki Muumba katika asili ya mambo. Mateso huzaliwa na tamaa na ujinga, na anayetaka kutoka humo hana budi kuvikomesha. Kannon ni bodhisattva, aliyeapa kutoviacha viumbe vyote mpaka vikombolewe. Maria hupeleka kilio kwa Mungu. Kannon hukisikia na kukijibu kwa huruma yake mwenyewe. Hata hivyo, kila mmoja hukimbiliwa na mtu aliyeelemewa, na fundi alifinyanga huruma hiyo tu, bila kuongeza neno.

Ustadi huo ulisaidia imani ivuke vizazi bila padre. Tarehe 17 Machi 1865, zaidi ya miaka 250 baada ya marufuku, wanakijiji wa Urakami waliingia kanisa jipya la Oura, Nagasaki, wakamwambia padre Mfaransa Bernard Petitjean kwamba imani yao ni moja na yake. Wakamuuliza sanamu ya Maria iko wapi. Marufuku ilikuwa bado haijaisha: zaidi ya watu 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu kabla haijalegezwa mwaka 1873.

Mfinyanzi hulia gaeni, na wengi wa mafundi wa Dehua hawakuacha hata jina. Wanaposifiwa wazazi wa Nagasaki walioirithisha imani ile kwa watoto wao, mafundi hawa nao wana haki ya kutajwa.