Kufuta si Kulipa

Wengi wetu huona kwamba kuweka alama kwenye kazi iliyokwisha ni jambo dogo lisilostahili mjadala. Nami nilikuwa na mawazo hayo, hadi daftari langu liliponiaibisha mbele ya ndugu zangu hapa Mfaranyaki.

Tulikuwa tumekubaliana kuchanga fedha za kujengea kaburi la baba. Nikaandika daftarini: "Fedha za saruji, nimpe mdogo wangu." Baadaye niliukata mstari huo kwa wino mzito. Tulipokutana kufanya hesabu, mdogo wangu akasema hajapokea kitu. Nikafunua daftari kwa kujiamini, nikakuta doa jeusi tu. Maneno hayasomeki, tarehe hakuna. Tulitupiana maneno ambayo hadi leo yananiuma. Siku ya tatu niliikuta bahasha ya fedha zile katika mfuko wa koti langu. Kumbe niliukata mstari nilipozihesabu, si nilipozikabidhi. Mama alinitazama akasema, "Mwanangu, kufuta si kulipa."

Ni baada ya aibu hiyo ndipo nilipoujaribu mtindo wa orodha uitwao todo.txt, uliobuniwa na Mmarekani Gina Trapani mwaka 2006. Kila kazi hukaa kwenye mstari wake katika faili la maandishi matupu. Kazi ikiisha, mwanzoni mwa mstari huwekwa herufi ndogo x, kisha nafasi, kisha tarehe ya kumaliza. Herufi ndogo ilichaguliwa ili kompyuta inapopanga mistari kwa alfabeti, kazi zilizokwisha zishuke chini.

Mtindo huu nausifu kwa moyo mweupe, kwani haufuti neno hata moja. Kilichofanyika hubaki kikisomeka pamoja na siku yake. Laiti ningekuwa nao siku ile, tungejua ni tarehe gani nilidai kutimiza wajibu wangu, na huenda ningekumbuka koti nililovaa.

Hata hivyo, nina malalamiko mawili. Kwanza, kazi muhimu huandikwa (A) mbele, lakini programu nyingi huiondoa alama hiyo kazi inapokwisha. Hivyo kaburi la baba hulala chini sawa na kununua sabuni. Mtu akitazama nyuma ataona alifanya mengi, asijue yapi yalikuwa na uzito.

La pili ndilo kubwa zaidi. Alama ya x haina shahidi. Huwekwa na yule yule mwenye hamu ya kuliona jambo limekwisha. Tarehe nayo huthibitisha siku ya kuweka alama tu, wala haithibitishi kwamba kazi ilifanyika. Ningeweza kuandika x na tarehe kwa unadhifu kabisa, na bahasha ikaendelea kulala kotini.

Kosa hili, msomaji, haliponywi na alama yoyote. Dawa niliyoipata mimi iko katika kuiandika kazi yenyewe. Siku hizi siandiki "nimpe mdogo wangu." Naandika "mdogo wangu apokee." Mstari wa namna hiyo siwezi kuufunga peke yangu; sharti kwanza nimsikie yeye akisema amepokea.

Saruji ilinunuliwa, na kaburi likajengwa. Daftari lile ninalo bado, na ule ukurasa wenye doa sijauchana.