Neno Likishatoka Kinywani

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Wengi tuliisoma shuleni kama habari ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Nandete, huku kwetu Kilwa, mwaka 1905. Wapendwa, tuisome pia kama onyo juu ya ulimi.

Kinjeketile anawaambia watu kwamba maji yatawakinga na risasi. Neno hilo linawaunganisha waliokuwa wakigombana. Baadaye mwenyewe anaingiwa na shaka, anawasihi wangoje, hawamsikii tena. Neno limekuwa kubwa kuliko aliyelisema. Hapo mwandishi anakubaliana na Yakobo, sura ya 3.

Mwishoni, akiwa kifungoni, Kinjeketile anakataa kuyakana maji, ili umoja usife. Mwandishi anataka tumheshimu, nami namheshimu. Lakini siwezi kukubali yote: umoja ulikuwa wa kweli, kinga haikuwa ya kweli, na walioiamini walikufa.

Leo nasi twamwambia mgonjwa, "Bwana amenionyesha umepona, acha dawa." Kabla ya kutamka "Bwana amesema", kila mmoja ajiulize: kama sikutumwa, nani atalipa?